Hatua ya Saba

Shwaa. Shwaa. Shwaa.

Giza lilikuwa bado, na sauti ilitoka jikoni: unyayo mdogo ukiburuzwa juu ya mbao. Nilibaki kitandani nikihesabu. Nne, tano, sita. Halafu kimya, kile kimya kirefu cha mtu aliyesimama kwa mguu mmoja asijue wa pili auweke wapi. Kisha ikaanza upya, moja, mbili, hadi sita, na kimya tena.

Nikaamka. Nilimkuta binti yangu Nagi katikati ya jiko amevaa nguo za kulalia, mikono imekunjwa ngumi kiunoni. Ana miaka saba.

"Mbona hujawasha taa?"

"Sitaki nionekane."

"Uonekane na nani? Babu Agarie yuko kwake anakoroma. Babu Toguchi naye yuko kwake anakoroma."

Akaelekeza kidevu chumba cha mbele, kwenye madhabahu ya wazee wetu waliotangulia, ambako picha ya babu yake mkubwa inakaa kati ya vikombe vya chai. "Na yeye," akasema kwa kunong'ona. "Mama, Jumapili nigeuke wapi?"

Nikampa kipande cha kiazi kitamu kilichobaki, tukakaa sakafuni gizani tukitafuna, na hilo ndilo lililokuwa jibu langu la siku hiyo.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Babu mkubwa wa Nagi, yaani babu wa mume wangu, mwalimu Yabiku Eisho, alikuwa mtu wa karate, na alituachia zoezi moja tu la mkono wake, liitwalo Kumi na Saba kwa sababu lina hatua kumi na saba. Sita za kwanza hazina ugomvi. Ya saba unageuka nusu, unashusha kiganja kilichofunguka chini ya kiuno, unakiacha hapo pumzi moja, ndipo unaendelea. Unageuka upande gani, hapo ndipo kijiji chetu hapa Okinawa kilipogawanyika tangu kabla sijaolewa.

Mzee Agarie anasema kushoto. Yeye ana miaka themanini, analima karela, mboga ile chungu, nyuma ya posta, na alifundishwa na mwalimu ujanani kabla hajahamia Bolivia kulima huko. Anasema kile kiganja kinadaka mguu wa mtu anayekupiga teke. Karate kwake ni "mkono" tu, kama wazee wa Okinawa walivyoiita, na anasimama wima kama mtu anayengoja basi.

Mzee Toguchi anasema kulia. Yeye ana sabini na mbili. Alifika kwa mwalimu baada ya Agarie kuondoka, kisha akaenda Osaka miaka kumi, akarudi na nguo nyeupe zilizopigwa pasi, mikanda ya rangi, na kuinama kabla ya kila kitu hata kabla ya kunywa maji. Anasema kiganja kile kinazuia mkono wa samurai kabla hajachomoa upanga. Karate kwake ni Njia, na anasimama chini sana, magoti yamekunjwa, mpaka ukimwangalia unaumwa wewe.

Agarie aliporudi kutoka Bolivia, mwalimu alikuwa ameshazikwa miezi miwili. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Basi wakaulizana wao.

"Kushoto ulijifunza kwa ng'ombe wa Bolivia," Toguchi humwambia.

"Na wewe kulia ulijifunza kwa vikombe vya ushindi vya kabatini kwako," Agarie humjibu. "Ng'ombe angalau anapiga teke kweli. Kikombe hakijawahi kumpiga mtu."

Mume wangu Masaki hakujifunza. Baba yake hakujifunza. Katika ukoo wote wa mwalimu, aliyejaliwa ni Nagi, na wazee wote wawili walimpenda kama pipi. Jumanne alikwenda kwa Agarie akageuka kushoto. Alhamisi alikwenda kwa Toguchi akageuka kulia. Mwaka mzima mambo yalikwenda vizuri, maana Jumanne na Alhamisi hazikutani. Sasa ilikuwa inakuja Jumapili, na wote wawili wangekuwepo.

Maana Jumapili hiyo ndiyo tulikuwa tunamfanyia mwalimu karamu ya mwaka wa thelathini na tatu, mwaka wa kifo ukihesabiwa wa kwanza. Baada ya hiyo hakuna nyingine. Aliyekufa haitwi tena kwa jina lake. Anakwenda kukaa na wakubwa wote waliotangulia, na huko haulizwi kitu. Mjane wake, Bibi Makato, ana miaka tisini na mitatu na meno manne, na alikuwa ameshasema anachotaka. Anataka Kumi na Saba ichezwe uani mbele ya madhabahu, na wanafunzi wote wawili wakae wakitazama.

"Simpeleki mume wangu na hatua kumi na sita," alisema. "Atafika kule aonekane mtu wa kusahausahau."

Toguchi alikuwa ametangaza kwamba mtoto akigeuka kushoto, yeye atavaa viatu vyake na hatakanyaga tena kwetu. Agarie alitangaza hivyohivyo kuhusu kulia, ila yeye alitaja pia mahali pa kuvitia hivyo viatu. Na Nagi alikuwa anafanya mazoezi gizani ili hata wafu wasimwone.

Jumatano hiyo nikapanda baiskeli, nikaanza na Agarie. Nilimkuta juu ya ngazi akivisha karela mifuko, mojamoja, zisiliwe na wadudu.

"Mzee, haiwezekani mara moja tu, kwa ajili ya Bibi, mtoto ageuke kulia?"

"Mwanangu, mwalimu hakunieleza kitu hata siku moja. Alikuwa anasema, 'Tazama, usiulize.' Miaka saba nimetazama. Nikatazama mpaka nikajua lini atakohoa. Aligeuka kushoto. Sasa unataka niyaambie nini macho yangu?"

Nikaenda kwa Toguchi. Alinikaribisha kwa kuinama, nami nikainama, naye akainama, ikawa kazi.

"Mama Nagi," akasema, "mwalimu hakueleza. Alikuwa anasema, 'Tazama, usiulize.' Miaka kumi nimetazama. Nilipofika Osaka nikaandika kijitabu, picha arobaini na moja. Hatua ya saba ina picha tatu. Kulia zote."

Nikarudi nyumbani nikiwa nimepewa karela sita na kijitabu kimoja. Nilipokuwa nasoma masomo ya jioni ili nimalize sekondari, Nagi akilala kwenye kapu chini ya dawati langu, mwalimu wetu wa historia alikuwa akisema kwamba watu wawili waaminifu wakibishana, usiwatazame wao, katazame kile kitu. Nilimpenda sana yule mwalimu. Lakini kile kitu chetu kilikuwa kimekufa miaka thelathini na mbili iliyopita na kugeuka picha.

Alhamisi asubuhi Bibi Makato aliniita tujaribu kutengeneza tofu, ile jibini ya soya. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akipikia kijiji kizima tofu alfajiri, na kwa karamu hii alikataa kabisa ile ya dukani. Tulikuwa tumeloweka soya, tumesaga, tumekamua kwa kitambaa, na maziwa yake yalikuwa kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la gesi uani. Mimi nakoroga. Bibi alikaa kwenye kigoda upande wa pili, amenipa ubavu, anachambua mwani.

Maziwa ya soya si ya kuaminiwa. Yanakaa kimya kama mtu mwema, halafu ghafla yanapanda yote pamoja na povu lake, na ukigeuka yako chini. Mimi nilikuwa naogopa, nimeinama nayatumbulia macho. Bibi hakuyaangalia. Alizungumza habari za mkwe wa jirani, na katikati ya maneno, bila kugeuza kichwa, akanyoosha mkono, kiganja wazi, chini, akakiacha juu ya mvuke pumzi moja.

"Bado," akasema, akarudi kwa jirani.

Nikaacha kukoroga.

"Bibi, fanya tena."

"Nifanye nini?"

"Hivyo na mkono."

"Nasikiliza mvuke. Ukija wa baridi-baridi, bado. Ukija mzito unaogusa, punguza moto, yanafurika. Koroga wewe, yatashika chini."

Nikakoroga. "Na Babu? Yeye alikuwa anasikiliza mvuke?"

"Angefanyaje? Mimi nilikuwa na watoto watano, mmoja kifuani, mmoja mgongoni. Alfajiri yeye anazunguka uani na ngumi zake, mimi niko ndani nanyonyesha. Nikamwambia, zunguka utakavyo, baba watoto, lakini yale maziwa yakifurika, yatakayobaki nakumwagia. Basi kila akifika jikoni anasimama, anasikiliza, anakwenda zake."

"Jiko lilikuwa wapi, Bibi?"

"Pale." Akaonyesha kushoto, penye kisima cha zamani. "Halafu tufani ikaja ikachukua kibanda na mapipa na kuku wawili. Tukalijenga pale." Akaonyesha kulia, penye ukuta wa banda la nguruwe.

"Tufani hiyo ilikuja lini? Agarie alikuwa ameshakwenda Bolivia?"

Bibi akafikiri, mwani mkononi. "Ilikuwa mwaka uleule. Alikuwa amepanda meli kitambo. Alituandikia barua kuuliza habari za kuku."

Nikakaa chini kabisa, kwenye vumbi. "Bibi, kwa nini hukuwaambia? Miaka yote hii wanagombana."

"Kuwaambia nini? Wakija nawapelekea chai, nawakuta mmoja anasema upanga, mwingine anasema teke. Mimi nilidhani wanazungumzia hatua nyingine."

Ijumaa jioni wazee wote wawili walikuja kupanga mambo ya karamu. Walikaa chumba cha mbele, mmoja kila mwisho wa meza, Bibi kati yao. Niliweka chai na madonge ya sukari nyeusi, nikapiga magoti, nikawaeleza. Mimi ni mke tu wa mjukuu, na nilikuwa nawaambia watu wazima wawili kwamba yule samurai ni sufuria.

Agarie alitazama kiganja chake. Akakishusha pembeni ya mkeka, akakiacha pumzi moja, kama anayempapasa mbwa asiyeonekana. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kule Santa Cruz, Bolivia," akasema akipangusa macho, "nina wanafunzi mia mbili. Watu wazima, wana masharubu. Kila asubuhi wanalinda tofu."

Toguchi hakucheka. Alikuwa amenyooka kama mlingoti. "Kwa hiyo kijitabu changu ni cha mapishi," akasema polepole.

"Picha tatu," Agarie akasema. "Angalau umetoa na maelezo."

"Nyamaza, wewe mchunga ng'ombe."

"Mwenzangu, mimi nakupongeza. Unajua, hata samurai naye hula—"

"Nimesema nyamaza."

Toguchi akainuka. Akainama kwa madhabahu, akainama kwa Bibi, kwangu akainama kidogo, akavaa viatu. Chai yake ilibaki imejaa mpaka ukingoni. Nilimfuata hadi langoni nikimwomba, lakini alitembea vilevile, wima, katikati ya barabara, na gari moja la kubeba miwa ikabidi limzunguke.

Nagi alikuwa ameyasikia yote kutoka nyuma ya mlango. "Ameondoka, na mimi sijageuka bado," akasema. Usiku huo hakula hata wali.

Nikamkalisha mapajani, mkubwa hivyo. "Sikiliza. Kushoto ni kweli. Kulia ni kweli. Babu mkubwa alikuwa anageukia sufuria ilipo. Na wewe Jumapili geukia sufuria ilipo, basi."

"Itakuwa wapi?"

"Itakuwa nitakapoiweka." Na hapo nikagundua kwamba sasa shida ni yangu.

Jumamosi Masaki alishuka na ndege kutoka Aichi, anakofanya kazi ya kiwandani kwa msimu. Nilimweleza. Akafikiri sana, akashauri tununue sufuria mbili. Namwacha hapohapo.

Jumapili asubuhi, umande haujakauka, nikasikia mtu uani. Alikuwa Mzee Toguchi, amevaa nguo nyeupe zenye mikunjo miwili ya pasi kama makali ya kisu. Amesimama penye ukuta wa lile banda la nguruwe, ambamo sasa tunaweka baiskeli. Alikuwa anashusha kiganja, anakipandisha, anakishusha.

"Mwalimu alikuwa na kiganja chekundu," akasema bila salamu, na bila kuinama. "Cha kulia. Ngozi yake ngumu, inang'aa. Mimi nikawa napiga ubao kwa kiganja kila siku ili changu kiwe hivyo. Miaka minne. Mkono ukavimba, mama yangu akalia. Siku moja nikavunja mwiko, nikamuuliza, 'Mwalimu, umekifanyaje?' Akaniambia, 'Tazama.' Nikatazama. Akanyoosha mkono pale. Mimi nikatazama mkono." Akaelekeza kidevu ukutani, palipokuwa na jiko. "Sikutazama pale."

Nikasema, "Wewe ulimheshimu, Mzee."

"Nilimheshimu mpaka nikawa kipofu," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona jino lake la dhahabu. "Lakini bado kinazuia upanga, nakuambia. Njoo na upanga uone."

"Na teke kinadaka," ikasema sauti langoni. Ni Agarie, na kapu la karela. "Habari za asubuhi, bwana mapishi."

"Nzuri, mchunga ng'ombe. Umechelewa."

Bibi akatokea barazani na fimbo yake. Aliwatazama wote wawili, akasema, "Sufuria iko jikoni imejaa. Ibebeni, mnafikiri mmealikwa?"

Nilikuwa nimejimwagia maji usoni mara tatu nikiomba nijue pa kuiweka, na sasa kazi ikawa yao. Wakaitoa, kila mmoja na mshikio wake, maziwa yanachezacheza.

"Kushoto," akasema Agarie, "penye kisima. Ndipo pa mwanzo."

"Kulia. Ndipo pa mwisho. Mwalimu alifia kulia."

"Upepo unatoka huko, moto utazima."

"Jua linatoka huko, mtoto ataumia macho."

Agarie akavuta, Toguchi akavuta. Mmoja amesimama wima, mwingine magoti yamekunjwa, na sufuria kati yao ikienda hatua mbili huku, hatua mbili kule, kama mtoto anayegombewa na mashangazi. Majirani walikuwa wameanza kufika na sahani zao za mochi, vikeki vya mchele uliopondwa, wakasimama wakitazama. Nadhani kulikuwa na watu waliodhani ndiyo onyesho lenyewe. Mwisho pumzi zikawaishia wote wawili kwa pamoja, wakaishusha walipofika, puu, karibu na lango, mahali ambapo si kushoto wala si kulia. Masaki akaburuta mtungi wa gesi na jiko hadi hapo, akalitia chini ya sufuria na kuliwasha. Hakuna aliyethubutu kusema isogezwe.

Milango ya chumba cha mbele ikafunguliwa yote, madhabahu ikaonekana, na picha ya mwalimu kati ya matunda na nyama ya nguruwe iliyokatwa na ubani unaopanda. Bibi akakaa barazani, miguu inaning'inia. Agarie akakaa kushoto kwake, Toguchi kulia. Mimi nilisimama karibu na nguzo nikiikumbatia.

Nagi akatoka, peku, mkanda wake umefungwa fundo la Toguchi, nywele zimefungwa kwa kamba ya kufungia karela ya Agarie. Akaielekea madhabahu, akainama.

Shwaa. Mchanga uani una sauti yake, si ya mbao, lakini niliijua. Mbili. Tatu. Ngumi zake ndogo zilikuwa zinatoka na kurudi, na shingo yake ilikuwa imekaza. Nne. Tano. Toguchi alikuwa ameweka mikono magotini. Agarie alikuwa amesahau kufunga mdomo. Sita.

Kimya. Kilikuwa kimya kilekile cha jikoni, mtoto kwa mguu mmoja, na safari hii mchana na watu wote.

Hakugeuka kushoto. Hakugeuka kulia. Aligeuka mzima mzima, akaipa madhabahu kisogo, na nyuma yangu mwanamke mmoja akavuta pumzi kwa meno, maana hivyo havifanywi. Toguchi aliinuka nusu. Agarie akanyoosha mkono nyuma ya mgongo wa Bibi, akamshika mwenzake mkono wa nguo, akamvuta chini, naye akakubali kuvutwa.

Nagi alikuwa amesimama mbele ya sufuria. Akashusha kiganja juu ya mvuke. Kilikuwa kizuri sana kile kiganja, Mungu anisamehe, mimi ni mama yake. Vidole vimefunguka, bega limetulia, uso umelegea kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Bibi Makato, bila kujua, alikuwa amenyoosha wake pia.

Pumzi moja.

Pumzi ya pili. Hakuendelea.

"Moja tu," Toguchi akanong'ona. "Pumzi moja, mwanangu."

"Mwache," Agarie akanong'ona. "Mwalimu alikuwa anaiacha kidogo."

"Moja. Nina picha."

"Choma picha."

Pumzi ya tatu. Watu wote uani, wenye mochi na wasio na mochi, tulikuwa tumenyoosha shingo tukiutazama ule mkono. Hakukuwa na hata mmoja aliyekuwa akitazama sufuria. Nagi akageuza kichwa polepole, akamtafuta Bibi barazani.

"Bibi," akasema, "maziwa yanafurika."